Riwaya Niliyoisema Barabarani

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani hapa Marekani, huwa nawaambia natunza wazee. Ni kweli. Naosha wazee wa Mansfield na Arlington, nawalisha, nawageuza kitandani wasiote vidonda. Lakini nikiulizwa mimi ni nani, kiburi kinanipanda nasema ni mwandishi, na hapo ndipo balaa huanza, kwa sababu swali linalofuata ni lile lile siku zote: umeandika nini? Wakenya wa huku hawana adabu kwenye swali hilo. Wanakuuliza wakiwa na sahani mkononi, kwenye sherehe ya mtoto kumaliza shule, na kabla hujajibu wameshageuka kutafuta pilipili.

Niliwahi kuandika kitabu kimoja chembamba nikiwa bado Nairobi. Hakikuwa na kisa. Kilikuwa na wanawake kwenye foleni ya maji na yale yanayopita vichwani mwao, basi. Sentensi nyingine zilikatika katikati kwa sababu mawazo nayo hukatika. Mhariri alinipa chai, akaniambia kwa upole kwamba Kiswahili changu ni kizuri sana ila haoni kitabu kinaenda wapi. Nikamwambia hakiendi popote, ndiyo maana nimekiandika. Wakakichapa shingo upande. Sijui nani alikisoma, ukitoa shemeji yangu, ambaye alikiacha ukurasa wa tano na akaniambia hivyo bila aibu. Nikaja zangu Texas kusoma. Masomo yakaisha, visa ikaisha, subira ikaisha, mimi nikabaki.

Miaka hiyo nilikuwa naishi Vickery Meadow, mtaa wa Dallas, kwenye majengo yale ambayo kila mlango unatoa harufu ya chakula cha nchi nyingine. Chumba cha kufulia nguo kilikuwa cha jengo zima, na humo ndimo nilimkuta mchoraji. Mkongomani wa Bukavu, mrefu, mtu wa kunyamaza, amekaa juu ya mashine inayotikisika, anachora kwa mkaa juu ya boksi alilolipasua na kulinyoosha. Maboksi aliyatoa kwenye ghala la Mesquite alikokuwa akipakia mizigo. Watu aliowachora hawakuwa na nyuso. Mimi sina breki ya mdomo, nikamuuliza nyuso amezipeleka wapi.

“Sura ya mutu njo inamufungishaka, dada,” akasema, yaani uso ndio humtia mtu jela, akaendelea kuchora.

Nikajua nimepata mwenzangu. Yeye alimjua mpiga gitaa, Mtanzania wa Tanga, dereva wa lori la Dallas na Houston, mwenye Kiswahili kilichonyooka mpaka sisi Wakenya tunaona haya kufungua mdomo mbele yake. Alikuwa akiniita bibie, na akinitania kwamba naandika kama mtu aliyeamshwa usingizini. Wa nne wetu alikuwa nesi, Mkenya, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, mwenye nyumba yenye vyumba vingi kule Mansfield. Sisi sote tulimwita sista. Hakuwa msanii, ila alitupenda wasanii vile watu wengine wanavyopenda paka. Alikuwa akija na matrei ya alumini yaliyojaa pilau, anaketi kando, anatusikiliza kwa macho ya huruma. Nadhani aliamini tumepotea njia kidogo na siku moja tutaokoka, lakini chakula hatatunyima.

Tulikuwa tukikutana kila Jumamosi mchana kwa mchoraji, kwa sababu yeye hakuwa na viti na hivyo nafasi ilikuwepo. Mchoraji anapika sombe, kisamvu cha kwao, mpiga gitaa analalamika kwamba haina nazi, mimi nafungua mvinyo wa boksi, sista anajifanya haoni. Tulikuwa na majivuno, haki ya nani. Tuligombana juu ya vina na mizani mpaka ugali ukapoa. Mpiga gitaa alishikilia kwamba shairi lisilo na vina ni barua ya mtu mvivu. Mimi nikamwambia vina vyake ni kama reli, huwezi kugeuka hata ukimwona mtu amelala mbele. Mchoraji alikuwa akicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Nje watu walikuwa wanavuka barabara na mifuko ya dukani wakielekea kituo cha treni, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba humo ndani kuna watu wanaamua mustakabali wa fasihi ya Kiswahili. Nilikuwa na furaha miaka ile. Naliandika hili neno kwa shida, lakini ndilo lenyewe.

Halafu mama akafa.

Mama alikuwa fundi cherehani Nakuru. Akipima nguo aliweka pini mdomoni, na maneno yake yote ya kutwa, maagizo, matusi, bei, umbea, yalipita katikati ya hizo pini. Hatukuwa tunaongea vizuri tangu nilipokawia huku, na sikupata nafasi ya kuongea naye vizuri tena, ndivyo ilivyokuwa. Karatasi zangu zilikuwa hazijakaa sawa. Ningetoka Marekani, nisingerudi. Kwa hiyo mazishi niliyatazama kwenye simu, nimekaa kwenye gereji ya mzee niliyekuwa namtunza, kati ya mashine ya kukata nyasi na friza. Mtandao wa kule nyumbani ukaanza kusumbua. Jeneza lilikuwa limeshikwa na kamba juu ya kaburi, picha ikakwama, jeneza likabaki pale hewani. Nilingoja. Mzee akaniita nimpe maji, nikampa, nikarudi, bado liko hewani. Picha ilipofunguka watu walikuwa tayari wanatupa udongo.

Riwaya yangu ilianzia hapo kwenye kukwama. Sikutaka kuandika kitu kingine tena maishani. Mwanamke amekaa kwenye gereji, jeneza la mama yake limesimama hewani, na kitabu kizima haliteremki. Ndani ya muda ule anapita mama mzima: mdomo wenye pini, miguu kwenye pedali ya cherehani, hasira zake, wivu wake, jinsi alivyokuwa akinusa kitambaa kabla ya kukikata. Hakuna kilio kikubwa. Hakuna Mungu anayejibu. Hakuna msamaha pia, kwa sababu haukuwahi kutokea, na mimi sikuwa tayari kumtungia mama uongo. Hilo tu ndilo lilikuwa kaburi ningeweza kumchimbia kutoka huku, na nilitaka liwe la kweli.

Shida ilikuwa mikono. Mikono yangu ilikuwa ya watu wengine kutwa nzima, na ikitoka kwa watu ilikuwa kwenye usukani, kwa sababu huku bila ku-drive hufiki popote. Nikifika nyumbani vidole vilikuwa vimevimba, kalamu haikai. Basi nikaanza kuisema. Nikitoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, nilibonyeza simu, nikasema riwaya kwa sauti, nikaituma kwenye kundi letu la wanne kama voisi. Nilikuwa naisema jinsi inavyokuja, na kurudi nyuma kwake, na kunyamaza kwake, na honi za malori ya barabara kuu ya ishirini. Wenzangu walikuwa wanaisikiliza wakati wao. Mpiga gitaa alikuwa ananijibu kwa wimbo mfupi. Mchoraji alinitumia picha ya boksi. Sista alinitumia mikono inayoomba.

Sasa, kuhusu lile jambo la kufuta. Mchoraji alikuwa na ndugu yake aliyesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, kule kwao, akakutwa na kijikaratasi mfukoni. Karatasi yenyewe ilikuwa ya mashairi ya mchumba. Waliomsimamisha hawakujua kusoma vizuri, wakaona maneno mengi, wakaondoka naye, na hakurudi. Siku zile watu wote wa pale majengoni walikuwa wanaongea habari za simu kukaguliwa uwanja wa ndege, na mtu fulani kurudishwa kwao kwa sababu ya alichokiandika. Ukweli wake siujui. Lakini mchoraji aliacha kulala. Jumamosi moja hakupika. Alikaa sakafuni akasema ana ombi.

“Miye naomba ile maneno isibakie mu simu. Kule kwetu batu banakufa juu ya karatasi. Tuweke ipotee yenyewe.”

Mpiga gitaa akasema mbona riwaya ya bibie haina siasa, ina cherehani tu. Mchoraji akamwambia hata ile ya ndugu yake ilikuwa ya mapenzi. Mtu akikuomba hivyo, na macho yake mekundu hivyo, utamwambia nini? Nikauliza tu itakuwaje kwa kazi yangu, na sista ndiye aliyenituliza. Goti lake lilikuwa limefanyiwa upasuaji, hayuko kazini, ana muda.

“Usijali, mimi nita-type zote,” akasema. “Kila wiki, kabla hazijapotea. Wewe endelea tu kuongea.”

Ndivyo tulivyokubaliana. Kundi likawekewa mpangilio huo: za nyuma tukazifuta sista alipokwisha kuzichapa, na kila voisi mpya ikawa inajifuta baada ya juma moja. Nami nikaendelea kuongea, zaidi ya mwaka, kwa amani kabisa, kama mtu anayemwaga maji kwenye tangi bila kutazama chini.

Nilimaliza nikiwa nje ya duka moja Mansfield, mchana, jua linachoma kioo. Nikasema sentensi ya mwisho, ambayo ilikuwa nusu sentensi, nikatuma, nikazima gari, nikakaa. Nililia, na nikacheka kidogo. Nilijua nimefanya jambo. Sijawahi kuwa na uhakika hivyo juu ya kitu chochote, si ndoa yangu iliyokufa, si karatasi zangu. Nilijua tu kwamba mama yupo, mzima, na pini zake, na hakuna wa kumtoa.

Kundi lilikuwa limeanza kuvunjika wakati huo. Kodi Vickery Meadow ilipanda, mchoraji akahamia Mesquite karibu na ghala, kwa familia ya kwao, wakawa wanalala wengi. Maboksi yake hayakuwa na pa kukaa, yakaenda kwenye takataka. Mpiga gitaa akahamia Houston kwa mwanamke aliyempenda. Mimi nikapata chumba Arlington. Jumamosi zikajaa shifti. Hatukugombana hata siku moja, tuliisha tu vile sabuni inavyoisha.

Nilimwomba sista kazi yangu. Akaniambia bado anaisafisha. Nikadhani anasahihisha makosa ya kuchapa, nikamshukuru. Nikamwomba tena, akasema nisiwe na haraka, ananiandalia kitu. Halafu akanipigia: Jumapili ni siku ya akina mama kanisani, nisikose, nivae vizuri.

Sikuwa mtu wa kanisa, na sista alilijua hilo, lakini huwezi kumnyima mtu aliyekulisha pilau miaka yote ile. Nikavaa gauni. Kanisa la Wakenya wa Mansfield siku ya akina mama ni vitambaa na marashi, watoto wanakimbia huku wanaongea Kiingereza, wazee wa kanisa wanagawa maji. Nikakaa nyuma. Sista akaniona, akanishika mkono, akanipeleka mbele kabisa. Baada ya nyimbo akapanda jukwaani na makaratasi, akasema leo ana ushuhuda, si wake, ni wa dada yake mpendwa ambaye Mungu amempa kipawa cha kuandika, na amemruhusu ausome.

Sikuwa nimemruhusu kitu. Lakini nilitabasamu, kwa sababu nilidhani ataanza kusoma riwaya yangu. Niwaambie ukweli, nilifurahi. Nilifikiri, basi na wasikie, hata wasipoelewa.

Akaanza. Nilizaliwa Nakuru, katika familia ya watoto kadhaa, mama yangu akiwa fundi hodari na mcha Mungu. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza. Nikatazama viatu vyangu. Sentensi ya pili ilinipeleka shule. Ya tatu ikanileta Marekani. Kisha nikampoteza mama, nikamlaumu Mungu, nikaacha kusali, nikaingia kwenye unywaji na marafiki wasiofaa, hapo watu wakaguna kwa huruma na mimi nikamkumbuka mpiga gitaa, jamani. Nikatazama mazishi kwenye simu. Picha ikakwama kidogo, sista akasoma, lakini nikapiga magoti nikaomba, na jeneza likateremka taratibu, amani ikanijaa. Usiku mama akanijia katika ndoto, amevaa nguo nyeupe, uso unang’aa. Akanishika kichwa, akasema, “Mwanangu, nimekusamehe. Nenda kwa amani.”

Watu walikuwa wanalia. Si mmoja wawili, kanisa zima. Mchungaji alikuwa anajifuta kwa leso. Sista mwenyewe sauti ilimkatika, akamalizia kwa shida. Bwana asifiwe. Wakapiga makofi, wakanisimamisha, mimi nikasimama. Ningefanya nini? Mama mmoja mzee, mke wa mzee wa kanisa, aliyewahi kuniuliza umeandika nini na kugeuka kutafuta pilipili, alinikumbatia akaninong’oneza sikioni kwamba sasa ndiyo nimeandika kitu ambacho mtu anaweza kuelewa.

Nilimngoja sista kwenye maegesho. Alikuja anachechemea, anang’aa.

“Sista, hii si yangu,” nikamwambia.

“Ni yako kabisa. Mimi nili-edit tu.”

“Jeneza limeteremka.”

“Si lazima literemke? Mtu hawezi kukaa huko juu.”

Nikamwambia sawa, hayo tutayaongea, sasa nataka nilizosema mimi, neno kwa neno, zile alizochapa kila wiki. Akanitazama kama mtu asiyeelewa lugha. Hapo nilijua, kabla hajajibu.

“Sikuandika neno kwa neno,” akasema. “Nani anaandika hivyo? Nilikuwa naskiza, naandika ile maana. Kwa kazi yetu mgonjwa anaweza kuongea nusu saa, mara ng’ombe wake, mara jirani, mara anarudia tena. Wewe ukibadilisha shifti unamwandikia mwenzako ile point. Maumivu yako wapi, amekula, amelala. Si kila kitu.”

“Kila kitu ndicho kilikuwa kitabu.”

“Ulikuwa unarudia sana, dadangu. Zile pini, zile pini. Nikajua una uchungu, hujui vile utatoka.”

Nilitaka kumtukana. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na matusi nilikuwa nayo tayari, mazuri. Lakini alianza kulia, si machozi ya kanisani, mengine.

“Nilikuwa nakusikia kwa gari,” akasema. “Kila wiki nakusikia unaongea peke yako juu ya mama yako amekwama hewani. Sikuweza. Nilitaka umzike vizuri. Nilisali sana nikiandika hiyo.”

Na ndiyo hivyo. Hakuwa ameniibia, hakuwa amenidharau. Alinipenda, akanifanyia kazi mwaka mzima na goti bovu, akatoa kurasa chache safi ambazo mtu yeyote angejivunia kuwa nazo. Ningekuwa na adui ningejua la kufanya. Nikamshika bega, nikamwambia asante, nikaingia garini, na asante hiyo inanikaa kooni mpaka leo.

Jumatatu nilimwendea mchoraji Mesquite, ghalani, wakati wao wa chakula. Tulikaa nje kwenye ukingo wa simenti. Nikamweleza. Akatoa simu yake, akanipa niipekue mwenyewe, ingawa alijua na mimi nilijua hakuna kitu. Kundi letu lilikuwa tupu, jeupe, jina tu juu.

“Bon, dada, ni miye,” akasema. “Ni woga yangu njo ilikula kitabu yako.”

Nikamwambia asiseme hivyo. Nilisema kwa dhati, kwa sababu woga wake ulikuwa na mtu ndani yake, ndugu yake, na mimi singeweza kumweka mama yangu mezani ashindane na ndugu yake. Lakini nisidanganye, kuna kipande changu kilichosema ndiyo, ni wewe. Nikamuuliza anakumbuka nini katika yote aliyoyasikia. Akamaliza kutafuna mkate. Akasema anakumbuka nilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua. Kengele ikalia, akainuka, akaniambia tutaonana, na hatujaonana.

Ikabaki Houston. Mpiga gitaa aliniambia kwa simu kwamba zamani alikuwa na tabia ya kuhamishia nyimbo zake kwenye kifaa kingine ili asipoteze, na huenda, bibie, huenda baadhi ya voisi zangu zilifuatana nazo. Hiyo huenda niliibeba kama yai. Nikaomba siku mbili kazini, nikateremka na barabara kuu ya arobaini na tano, saa nne za kupishana na malori, najiambia hata sura moja ikipatikana inatosha, kutoka kwa moja nitazijenga nyingine. Nilijua hata nitaanzia wapi.

Alikuwa ameneneka. Nyumba ilikuwa na zulia na televisheni kubwa, na yule mwanamke wake, mpole, akatupikia wali wa nazi, akatuacha. Gitaa lilikuwa ukutani. Siku hizi anapiga kwenye harusi, akaniambia, nyimbo za watu. Tukafungua hicho kifaa, tukasikiliza kimoja kimoja. Kulikuwa na yeye anajaribu nyuzi. Kulikuwa na yeye anakohoa. Kulikuwa na wimbo wa Jumamosi moja, na nyuma yake sisi wote tunabishana juu ya vina, sauti yangu kali inasema reli, reli, halafu sista anauliza nani hajapata pilau. Tukaisikiliza mpaka mwisho. Tukaendelea. Voisi zangu hazikuwemo.

“Mlikuwa mnazisikiliza kweli?” nikamuuliza. Sikutaka kumuuliza, ilitoka tu.

Yeye hajui kudanganya, ndiyo kasoro yake. “Nilikuwa naziweka nikiendesha lori peke yangu,” akasema. “Zilikuwa mwenzangu njiani. Lakini nikikwambia nilielewa nitakuwa nakudanganya, bibie. Nilikuwa nasikia sauti tu. Nilipenda kwamba kuna mtu anaongea Kiswahili na hataki nimjibu.”

Hakukusudia kuniumiza. Akanifungia wali kwenye kopo, akanisindikiza mpaka garini, akaniuliza nitaandika tena lini. Nikamwambia nikipata nafasi.

Nilianza kuisema upya barabarani, nikirudi Dallas, mchana bado mweupe, kulia na kushoto nyasi kavu na mabango ya mawakili. Nilijiambia acha ujinga, wewe ndiye uliyeitunga, imo ndani, haihitaji simu ya mtu. Nikabonyeza, nikaanza. Mwanamke amekaa kwenye gereji. Jeneza limeshikwa na kamba. Na kabla sijatafuta neno la tatu, jeneza likateremka, taratibu, kwa amani. Nikafuta. Nikaanza tena kwa upande mwingine, kwa cherehani, na kilichonijia mdomoni kilikuwa mama yangu akiwa fundi hodari na mcha Mungu. Nikafuta. Nilijaribu mpaka nikapita miji miwili. Kila sentensi iliyokuja ilikuwa imenyooka, imeoga, inaeleweka.

Mwishoni nikaiacha riwaya. Nikasema basi, kitabu kiende, nitabaki na mama. Nikazima simu na redio, nikafunga vioo, nikamtafuta yeye tu, sauti yake, anigombeze hata kidogo. Aliyekuja alikuwa amevaa nguo nyeupe. Alikuwa mpole. Aliniita mwanangu, na mimi mama yangu, tangu nipate akili mpaka simu yetu ya mwisho, aliniita wewe.